Wapangaji Mia Mbili na Kumi na Nne

Naishi Goole, penye mto wa rangi ya chai,
juu ya duka la mazulia lililofungwa zamani.
Chumba kimoja, jiko, na choo ambacho mlango wake
haufungi mpaka uuinue kidogo kwa goti.
Daftari la makampuni lasema
humu mna wakurugenzi mia mbili na kumi na nne.

Nimewahesabu kwa bahasha.
Tangu mwaka niliomzika Desmond
barua zao hupenya tundu la mlango
kwa sauti ya mtu akohoaye gizani.
Bwana Aurelio Finch, wa Almasi za Kaskazini.
Bibi Tamsin Quill, wa Uchukuzi Salama.
Na mmoja, ambaye barua yake niliifungua kwa bahati mbaya
(haya, si bahati mbaya),
alizaliwa tarehe thelathini Februari.

Mwanzoni niliandika HAYUPO, nikazirudisha.
Zikarudi tena, zimenona.
Nikazipanga katika kabati la marehemu,
palipokuwa makoti yake,
na kidogo kidogo tukazoeana.
Ukikaa peke yako, hata jina ni mgeni.
Jioni nyingine nilimimina chai nikauliza,
"Bwana Finch, sukari vijiko vingapi?"
Hakuwa mtu wa makuu. Hakudai chochote.

Kisha ukaja msimu wa ukungu, na redio ikatangaza:
sheria mpya, kila mkurugenzi aonyeshe uso.
Si jina, si sahihi. Uso,
na pasipoti, na namba yake mwenyewe
asiyoweza kumwazima jirani.

Nilicheka. Kisha nikafagia ngazi
na kununua biskuti, zile za tangawizi,
sijui kwa nini.
Labda niliwaona wamepanga foleni hadi kituo cha treni,
wamevaa tai, wameshika kofia,
kila mmoja akitafuta mahali pa kuuweka uso wake.

Akaja mmoja tu.
Bahasha ya mia mbili na kumi na tano:
Bibi Hester Oldroyd, mkurugenzi,
kampuni ya mashua za anasa,
deni pauni elfu arobaini na moja.

Hester Oldroyd ni mimi.
Mimi, ambaye kuvuka daraja tu hunitia kizunguzungu.

Lisemwalo lipo, watu husema.
Hili halikusemwa na mtu. Liliandikwa tu,
na kuandikwa kukalitosha kuwapo.

Posta nilimkuta binti wa Kilithuania,
kibao kifuani kimeandikwa Rasa.
Nikamweleza yote, hadi biskuti.
Akasikiliza, akashusha sauti:
"Mama, ili uthibitishe kwamba si wewe,
lazima kwanza uthibitishe kwamba ni wewe."

Nikasimama mbele ya kamera.
Usitabasamu. Vua miwani. Sogeza kidevu.
Leseni yangu ya udereva ni ya enzi ya Desmond,
nywele zi nyeusi, shingo ingali na maringo,
na mashine ikajibu: hawafanani.
Nikamwambia Rasa, mwanangu, imesema kweli.

Jaribu tena. Hawafanani.
Nyuma yangu mzee mwenye kifurushi alishusha pumzi.
Nikawaza, kumbe nimefika walipo wenzangu wa kabatini,
jina bila wa kulibeba,
na kwa nukta moja nikamtamani Bwana Finch,
angenishika mkono, angesema, huzoeleka, Hester.

Mara ya tatu, alama ya kijani.
Rasa akapiga kofi moja dogo chini ya meza.

Sasa ni wiki ya tano.
Mashua zimefutwa pamoja na deni lake,
na wale wa kabatini, nasikia, wanafutwa mmoja mmoja
kwa kukosa macho ya kupepesa.
Nimefurahi. Ningekuwa mpumbavu nisifurahi.

Ila tundu la mlango halikohoi tena,
na usiku huamka nikisikiliza.
Biskuti zimo katika bati lake.
Sijazifungua.